Vitabu viwili vya kamanda: siku 26 na mchezo wa shajara ya vita angani

Sikuutafuta mchezo huu. Mpwa wangu ndiye aliyeuagiza. Ulifika kwa posta kasha limebonyea kona moja, akaniwekea mezani na kusema, “Mjomba, umejaza vitabu vya meli miaka ishirini na miwili. Haya, jaza na hivi.” Nikalitazama kasha: meli ya anga imezima taa zote, nyota chache nyuma yake, na maandishi madogo kwamba ni mchezo wa mchezaji mmoja, umri kuanzia miaka 14. Nikaliweka juu ya kabati. Lilikaa huko mwezi mzima likikusanya vumbi.

Nililishusha usiku mmoja usingizi ulipogoma. Melini nilikuwa afisa wa pili, na zamu ya afisa wa pili ni saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri. Mwili ukishazoea zamu hiyo hausahau hata ukistaafu. Basi nikawasha taa ya mezani, nikafungua kasha, na tangu usiku ule nimemaliza vita vizima, siku 26, mwandiko wangu umejaa vitabu viwili, na nina mengi ya kusema, mazuri na ya kulalamika.

Jina la mchezo sitalitaja. Nina ugomvi na walioutengeneza, ugomvi wa kadi mbili nitakaoueleza, na sitaki kumvua mtu nguo hadharani kwa jambo ambalo huenda ni uzembe wa mfungaji mmoja ghalani. Wanaocheza michezo ya kuandika watautambua kwa maelezo.

Ndani ya kasha kuna kadi za rangi tatu, dadu mbili, karatasi ngumu ya orodha ya watu yenye mistari 40, penseli moja, kijitabu cha kanuni, na madaftari mawili. Moja lina jalada la bluu, jingine la kijivu. Wewe ni kamanda wa meli ya anga. Vita vimeshaanza na hakuna anayekueleza vilianzaje. Kila siku ya vita unafunua kadi nyekundu, ambayo ni jambo lililotokea nje ya meli. Kisha nyeusi, ambayo ni amri kutoka makao makuu. Kisha unaandika ripoti kwenye daftari la bluu, isiyozidi maneno 40. Ripoti ikishaandikwa ndipo unafunua kadi ya kijani, inayohusu watu wako. Halafu unafungua daftari la kijivu, shajara yako mwenyewe, na hapo unaandika utakavyo, mstari mmoja au kurasa kumi.

Ule mpangilio ndio ulionifanya nivute kiti karibu. Ripoti kwanza, watu baadaye. Yeyote aliyewahi kutuma taarifa ya adhuhuri kwa kampuni anajua kwamba ndivyo ilivyo: unaandika mahali ulipo, kasi, mafuta yaliyobaki, hali ya hewa, unatuma, halafu unashuka chini na kukuta mpishi amekaa juu ya gunia la vitunguu analia kwa sababu amepigiwa simu ya msiba. Taarifa imeshakwenda. Hata kama ungejua mapema, hakuna kisanduku cha kuliandika hilo.

Kwa Kiingereza kitabu cha meli kinaitwa kwa jina la gogo, “log”, na sababu yake naipenda. Zamani mabaharia walitupa kipande cha ubao majini nyuma ya tezi, kimefungwa kamba yenye mafundo, wakahesabu mafundo yanavyopita mkononi wakati shisha ya mchanga inamwagika, kama nusu dakika. Hesabu ya mafundo ndiyo kasi ya chombo, nayo ikaandikwa. Kitabu kilianza hivyo, kwa kuandika ubao umekwendaje. Mpaka leo kasi ya meli tunaitaja kwa mafundo, na mpaka leo kitabu chenyewe kina tabia ya ubao. Hakina habari na wewe.

Nitoe mfano wangu, maana bila huo hamtaelewa kwa nini daftari la kijivu lilinishika. Mwaka 2010 tulipita Ghuba ya Aden usiku, wakati ule maharamia wamechachamaa. Meli imezungushiwa seng'enge pande zote, mipira ya maji imefungwa tayari kwenye reli, walinzi wa ziada huku na huku. Karibu na saa nane usiku mashua mbili ndogo zilitokea upande wa kulia na kutufuata. Zilitufuata kwa muda ambao mimi ningeapa ni saa sita. Saa ya ukutani ilisema dakika arobaini. Kisha zikageuka. Niliandika kitabuni: mashua mbili, umbali, uelekeo, saa zilipoonekana, saa zilipopotea, hakuna tukio. Kila neno ni kweli. Halimo lile la kwamba kijana aliyekuwa mlinzi pamoja nami alikuwa akisoma dua kwa sauti na mimi nikamwitikia “amin” huku nimesahau kabisa upande wa kushoto unaitwaje kwa Kiingereza, nami ndiye mwenye usukani. Hilo sikuliandika popote. Sikuwa na kitabu cha kijivu.

Basi, mchezo.

Siku kumi za mwanzo zilinichosha kidogo. Kuna jedwali la mafuta na makombora ambalo unatakiwa kulijaza kila siku kwa kujumlisha na kutoa, na halina faida yoyote. Makombora hayakuniishia, mafuta hayakuniishia, na siku ya sita nikaliacha bila madhara. Kadi nyekundu nazo nyingi zinafanana. Nilihesabu: 9 kati ya 26 zimeandikwa “Zamu tulivu”, basi. Mpwa wangu alipoziona alicheka, akasema hapo ndipo watengenezaji walipoishiwa fikra. Mimi nawatetea. Zamu tulivu wakati wa hatari ni kitu kizito kuliko shambulio. Kwenye shambulio una kazi ya mikono. Kwenye zamu tulivu una masikio tu, na kila bawaba inayolia ni adui. Siku ya 4 niliandika ukurasa mzima kuhusu mlango wa ghala unaogonga, na nadhani ni ukurasa wangu bora kuliko kurasa za mapigano.

Kanuni zimeandikwa kwa Kiingereza, lakini shajara unaandika kwa lugha yako. Mimi niliandika Kiswahili, na kwa kuwa meli ni meli, nikaiingizia maneno yetu: ina omo mbele na tezi nyuma, ina ngama ambako maji machafu hukusanyika, na mkuu wa mabaharia ni serahangi. Mwanzoni ilionekana kama utani, serahangi angani. Kufikia siku ya tatu sikuona tena ajabu. Chombo kikitikisika mtu hutaka neno ambalo ulimi unalijua.

Sasa kuhusu amri. Kadi nyeusi ukishaifunua unatupa dadu mbili, na jumla yake ndiyo idadi ya siku ambazo amri ilikaa njiani. Ukipata 2, amri ina siku mbili. Ukipata 12, imeandikwa na mtu asiyejua lolote la siku kumi na mbili zilizopita. Halafu una hiari mbili tu, kutii au kukataa, na zote unaziandika kwenye bluu.

Hapa nina lawama ya kitaalamu, mnisamehe. Kijitabu kinasema amri huja kwa redio. Redio husafiri kwa kasi ya nuru, kilomita 299,792 kwa sekunde. Ujumbe kutoka Duniani hadi Mirihi huchukua kati ya dakika 3 na 22 hivi, kutegemea sayari hizo mbili zimekaaje. Voyager 1, chombo kilichorushwa mwaka 1977 na ambacho hakuna kingine cha binadamu kilichofika mbali kama hicho, ujumbe wake hutumia zaidi ya saa 22 kutufikia. Siku tisa za redio, ambazo ndizo dadu zilinipa siku ya 11, ni kilomita bilioni 233, mara tisa hivi ya hapo kilipo. Na nyota jirani ya Jua letu, Proxima Centauri, iko miaka 4.2 ya nuru. Kwa hiyo kama vita hivi ni vya ndani ya jua moja, siku tisa ni nyingi mno; kama ni vya nyota kwa nyota, amri ingemkuta kamanda ana wajukuu. Mchezo umechagua siku kwa sababu siku zinachezeka. Nimekubali, lakini sentensi moja ya maelezo isingewagharimu wino mwingi.

Tukiacha hesabu, amri inayochelewa vita ni jambo lililowahi kuwapata watu wa kweli. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na jeshi lake la askari na wapagazi walisalimu amri Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Kule Ulaya bunduki zilinyamaza tarehe 11. Wiki mbili nzima kati ya kalamu na mguu wa mwisho uliosimama. Nilikuwa na tarehe hizo mbili kichwani kila nilipotikisa dadu.

Siku ya 11 ndiyo nataka kuieleza kwa kirefu, kwa sababu mtu akiniuliza mchezo ukoje, namsomea siku ya 11.

Kadi nyekundu: meli ya hospitali iliyo katika msafara wenu imepigwa injini, inaelea. Kadi nyeusi: ondoka ulipo mara moja, jiunge na kikosi. Nikatupa dadu, nne na tano. Amri ina siku tisa. Siku tisa nyuma, meli ya hospitali ilikuwa nzima inakwenda kwa nguvu zake. Aliyeandika amri alidhani nitaondoka nayo. Nilikaa na kadi ile mkononi mpaka mke wangu akaamka kutazama kama nimelala kitini. Mwishowe nilitii. Ningeweza kuwapamba hapa kwa sababu, lakini sababu ni kwamba miaka ishirini na miwili nimetii, na mkono ulikwenda wenyewe. Daftari la bluu linasema hivi:

“Amri imepokelewa. Tumeondoka saa 0410. Meli ya hospitali imeachiwa maji na betri. Hali ya wafanyakazi ni ya kuridhisha. Tunaelekea kikosini.”

Maneno 20, nusu ya niliyoruhusiwa. Kisha nikafunua kijani: “Mmoja wa watu wako ana ndugu ndani ya meli hiyo. Ni nani?”

Nilikasirika kweli. Nilisukuma kiti nyuma nikasema kwa sauti, “Mbona hamkusema mapema?” Lakini ndiyo kanuni, ripoti kwanza, watu baadaye, na saa 0410 imeshaandikwa kwa wino. Nikamchagua serahangi. Kurasa nne za kijivu zilifuata. Nanukuu kipande kidogo:

“Serahangi hakuniuliza kitu. Alikuja na karatasi ya hesabu ya rangi iliyobaki ghalani, nikaitia saini. Akabaki amesimama. Nikamwambia, kuna jingine, Serahangi? Akasema, hakuna, Nahodha. Rangi! Nani anahesabu rangi siku kama ya leo? Ameshatoka ndipo nikaelewa kwamba alitaka nimtazame usoni, nami niliitazama karatasi.”

Sijui sentensi hizo zilitoka wapi. Mimi si mwandishi. Lakini karatasi ya rangi naijua. Nimeshawahi kuitia saini, kwa serahangi mwingine, siku nyingine.

Kosa langu kubwa kama mchezaji lilikuwa kwenye orodha ya watu. Kanuni zinataka kila mmoja wa watu 40 aandikiwe jina, kazi, na kitu kimoja alichokiacha nyumbani. Mimi niliruka majina. Melini tulikuwa tukiitana kwa kazi: Chifu, Sekondi, Serahangi, Mpishi, Mafuta. Nikaona hiyo ndiyo heshima ya kazi, nikaandika hivyo hivyo. Siku ya 14 kadi ya kijani ikaniambia nipige mstari kwenye jina la tatu kutoka chini, na la tatu kutoka chini ni Mafuta, kijana wa chumba cha injini ambaye siku zote kumi na tatu hakufanya lolote ila kubeba makopo. Nikapiga mstari. Nikafungua kijivu. Nikaandika “Leo Mafuta” na kalamu ikasimama. Huwezi kumwombolezea mtu unayemwita Mafuta. Nilijaribu mara tatu. Ikabidi nirudi kwenye orodha, juu ya mstari niliokwisha kuupiga, nimwandikie jina kamili, la kwake na la baba yake, na pembeni kitu alichokiacha: baiskeli isiyo na breki. Ndipo nikaweza kuendelea. Usiku uleule nikawapa majina wote 39 waliobaki, nikamaliza alfajiri.

Sasa malalamiko ya vitu vya kushika mkononi. Penseli ni ngumu kama msumari na maandishi yake hayaonekani kwenye karatasi ya kijivu. Nilitumia kalamu yangu ya wino, ambayo kwa vitabu vya meli ndiyo sahihi. Kitabu cha meli hakifutwi. Ukikosea unapiga mstari mmoja ili kosa lisomeke, unaandika lililo sahihi, unatia saini ya kifupi. Dadu ni nyepesi na moja ina upendeleo wa tano. Hayo yanavumilika. Lisilovumilika ni hili: daftari la bluu limeshonwa uzi, imara, litadumu miaka, la kijivu limepakwa gundi tu, na kufikia siku ya 12 kurasa zilianza kuchomoka. Nani alikaa mezani akaamua kwamba kitabu cha kumwonyesha mkubwa kishonwe na cha moyoni kigandishwe? Nililishona mwenyewe kwa sindano ya turubai.

Na kadi mbili. Kila rangi inatakiwa kuwa na kadi 26. Zangu za kijani zilikuwa 24. Niliwaandikia watengenezaji mara mbili, nikawatumia picha ya kasha lililobonyea, sikujibiwa. Kwa mchezo mwingine ungesema kadi mbili si kitu. Katika mchezo huu maana yake siku ya 25 na ya 26 za vita zingepita bila watu. Nilikata vipande viwili kwenye mfuniko wa kasha nikatengeneza vyangu. Cha kwanza niliandika: “Mtu fulani ameacha mlango wa ghala wazi tena. Humkaripii.” Cha pili nilikiacha kitupu, na kilipofunuliwa siku ya 26 nililala bila kuandika.

Baada ya siku ya mwisho kuna baraza la uchunguzi. Makao makuu wanataka vitabu. La bluu ni lazima ulikabidhi. La kijivu, kanuni zinasema, ni hiari yako: likabidhi, lifiche, au uchane kurasa utakazo, na kila hiari ina alama zake. Nimeambiwa na mpwa wangu kwamba wachezaji wengi huchana. Wana mifano mikubwa ya kujitetea. Katika Vita vya Pili vya Dunia wanajeshi wa Uingereza walikatazwa kuweka shajara, zisije zikamwangukia adui, na Jenerali Alan Brooke, mkuu wa jeshi lao la nchi kavu, aliandika yake hata hivyo usiku baada ya usiku, kwa kumwelekea mkewe, akimwaga humo hasira alizokuwa nazo juu ya Churchill. Mchana alikuwa naye kikaoni. Angani nako hali ni hiyo. Valentin Lebedev, mwanaanga wa Kisovieti aliyekaa siku 211 kwenye kituo cha anga cha Salyut 7 mwaka 1982, aliandika shajarani jinsi wawili wanavyoweza kuchoshana ndani ya kopo moja, wakati taarifa za redio ziliendelea kuwa shwari.

Kanuni zinaruhusu mtu mwingine asimame mahali pa baraza. Nilimwita rafiki yangu wa zamani, aliyekuwa mhandisi mkuu wa meli mbili nilizofanya kazi. Bado namwita Chifu, naye bado ananiita Sekondi ingawa wote tumeota mvi. Alivaa miwani, akasoma la bluu kutoka jalada hadi jalada bila kusema neno. Alipofika siku ya 11 akaweka kidole.

“Sekondi, hapa umedanganya.”

“Wapi, Chifu? Kila neno hapo ni kweli.”

“‘Hali ya wafanyakazi ni ya kuridhisha.’ Maneno haya nimeyaandika miaka thelathini. Nayajua yanakotoka.” Akanyoosha mkono. “Lete hicho kingine.”

Hapo ndipo mchezo ulipo, waungwana. Siyo kwenye dadu wala makombora. Upo kwenye zile sekunde ambazo mkono wa mwenzako umenyooshwa na wewe umeshika daftari la kijivu, na unakumbuka umeandika nini ukurasa wa nane. Nilifikiria kuchana, sitaficha. Nilifikiria hasa ukurasa wa siku ya 19, ambao hata hapa siuelezi. Kisha nikafikiria kwamba kitabu cha meli hakifutwi, na kwamba uzi ule nimeshona kwa mkono wangu. Nikampa.

Alisoma muda mrefu. Siku ya 11 aliirudia. Alipofika Mafuta alicheka kidogo kwa ile baiskeli, akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Alama za baraza hakunipa. Alisema karatasi ya alama ni ya watoto, nami nakubaliana naye, maana ni karatasi inayokwambia umepata 14 kwa kuwa mkweli na 6 kwa kuwa mtiifu, kama mitihani ya darasa la nne. Ukiununua, itupe.

Kama ni lazima mimi nitoe alama, ni saba kwa kumi. Daftari la kijivu lingeshonwa, nane. Kadi zingetimia, na mtu angejibu barua, nane na nusu. Wanaotaka kupiga meli za adui na kuona moto, hapa hamna moto. Adui haonekani hata siku moja, na hiyo kwangu ni dosari ndogo, kwa sababu kufikia siku ya 20 nilikuwa nimesahau kwamba upande wa pili nao kuna mtu anaandika. Usiucheze kwa haraka, siku moja kwa usiku mmoja inatosha. Na yaandike majina ya watu kabla hujafunua kadi ya kwanza, yote 40, hata ikikuchukua jioni nzima.

Chifu alipoondoka aliuliza kama watengenezaji wamejibu kuhusu zile kadi. Nikamwambia hawajajibu. Akasema basi azichukue kama zilivyo, pamoja na ile tupu. Madaftari atanunua mengine. Kasha liko kwake tangu wiki mbili zilizopita, na nimemwonya kuhusu penseli.